Vali Ikiziba, Anzia Bombani

Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya kilijengwa Miwani, karibu na Kisumu, mwaka 1922. Cha pili kilijengwa Ramisi mwaka 1927, na kwa miongo sita boila zake zilikula makapi ya miwa na kutoa mvuke wa kuendesha vinu na kupikia sukari, mpaka kiwanda kiliposimama mwaka 1988. Leo miwa imerudi upande huo wa Kwale chini ya Kwale International Sugar Company, yenye kiwanda kipya na mtambo wa umeme wa megawati 18 unaoendeshwa kwa makapi hayohayo. Lakini ukipanda matatu Ramisi kuelekea kaskazini, ukapita Msambweni na Gazi hadi Ukunda na Diani, boila utakazokutana nazo ni za namna nyingine. Ni za hoteli, za dobi na za majiko makubwa. Ni ndogo, nyingi zimeshazeeka, na nyingi zinawaka kwa gesi ya mitungi.

Hizi ndizo zinazoitiwa fundi mara kwa mara. Moto umelala, au boila inawaka na kuzima, au maji ya kuoga yamekuwa vuguvugu na wageni wanapiga simu mapokezi. Fundi anafika, anaigonga vali kwa mpini wa bisibisi, moto unarudi, analipwa nauli na ujira. Haupiti muda, vali imeganda tena. Sasa anasema imekufa, inunuliwe mpya. Inaagizwa kwa bei ya kuumiza, inafungwa, na baada ya muda nayo inaganda, na lawama zinamwendea aliyeuza. Ni kweli kwamba vali bandia zipo sokoni. Hata hivyo, mara nyingi vali haina kosa. Ni mojawapo ya sehemu nyembamba katika njia ya gesi, kwa hivyo kila takataka iliyoanza safari yake mtungini au bombani huja kukwama hapo. Anayebadilisha vali bila kuisafisha njia iliyoleta takataka analipia kosa lilelile mara mbili.

Tuanze na ukubwa wa mambo yenyewe. Katika joto la pwani, gesi iliyomo ndani ya mtungi ina presha ya bari kadhaa. Kwenye burna inatakiwa ifike ikiwa na milibari 30 hivi, yaani chini ya sehemu moja kwa thelathini ya bari moja. Kazi ya kuishusha presha hiyo ni ya regyuleta, na huifanya kupitia tundu dogo linalofunguliwa na kufungwa kwa kiwambo cha mpira na springi. Baada ya regyuleta linakuja bomba, halafu vali ya boila, ambayo mlangoni mwake huwa na kichujio cha wavu mwembamba, halafu jeti zenye matundu ya kupimwa kwa sehemu za milimita. Katika njia kama hiyo, gamba la kutu lenye ukubwa wa punje ya mchanga ni kizuizi halisi. Ukikifungua kichujio cha vali iliyokaa miaka bila kuguswa, unaona historia nzima ya bomba ikiwa imelala juu ya wavu: unga wa kahawia wa kutu, vinyweleo vya chuma vilivyobaki bomba lilipokatwa nyuzi, nyuzinyuzi za tepu nyeupe, na juu ya hayo yote utando wa mafuta mazito unaonata kidoleni na kunuka kuliko gesi yenyewe.

Lakini kabla ya kukifikia kichujio hicho, fundi mzuri anautazama moto. Moto mdogo lakini wa buluu, wenye umbo lake, unasema gesi inayofika ni chache: kuna kizuizi njiani, au presha imeshuka. Moto mrefu, wa njano, unaoyumba na kuacha masizi kwenye sufuria unasema jambo jingine kabisa: gesi ipo, hewa ndiyo haitoshi. Hapo vali haihusiki. Mara nyingi ni buibui au nyigu aliyejenga ndani ya mrija wa kuchanganyia hewa, na katika hoteli za ufuoni zenye bustani hadi dirishani nyigu wa udongo ni adui halisi. Huziba mrija wa burna, na huziba pia kitundu cha kupumulia cha regyuleta, kile kidogo kilicho upande wa kiwambo, na regyuleta isiyopumua haiwezi kurekebisha presha sawasawa. Moto wa namna hii si wa kuvumiliwa hata kwa jioni moja, kwa sababu gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Pwani ina mtego wake hapa. Hewa ya bahari imebeba chumvi, na chumvi ikipita kwenye moto huupaka rangi ya machungwa. Fundi aliyefundishwa bara, akiona vimulimuli hivyo, huenda akaanza kufungua burna isiyo na ugonjwa. Sufuria haidanganyi: rangi ya machungwa isiyoacha masizi ni chumvi tu.

Yako mambo mengine matatu yanayofanana na kuziba lakini ambayo si kuziba. La kwanza ni mtungi unaokaribia kuisha. La pili ni mtungi unaopoa kwa kuvutwa kupita uwezo wake: gesi iliyo kimiminika inapogeuka mvuke hunyonya joto, mtungi hutoka jasho na hata kuganda nje, presha huanguka, na kila mtu husema bomba limeziba. Jiko kubwa likivuta kutoka mtungi mmoja saa ya chakula cha jioni, litapata tatizo hili hata kama mabomba ni mapya. Dawa yake ni kuunganisha mitungi zaidi ya mmoja. La tatu ni thamokapo, kile kijiti kinachokaa ndani ya mwali mdogo wa kuwashia na kuzalisha umeme wa milivolti 20 hadi 30 wa kuishikilia vali wazi. Kikichakaa au kikipakwa masizi, vali hujifunga, na inalaumiwa kwa kufanya kazi iliyotengenezewa.

Baada ya kuyaondoa haya, ndipo tunapima. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ufundi wa pwani yetu unapopungukiwa zaidi, na hakuna sababu ya kupungukiwa. Kifaa cha kupimia presha ndogo ya gesi ni mpira mwangavu uliokunjwa kama herufi U, ukatiwa maji na kufungwa kwenye ubao wenye rula. Milibari moja ni karibu sawa na sentimita moja ya tofauti kati ya maji ya upande mmoja na mwingine, kwa hivyo milibari 30 ni sentimita 30 na kitu. Kifaa hiki hakihitaji betri, hakiharibiki, na kinatengenezwa kwa vitu vinavyouzwa Ukunda.

Unapima mara mbili. Kwanza, kila kitu kikiwa kimezimwa, halafu kila kitu kikiwa kinawaka kwa nguvu zote. Siri yote imo katika tofauti ya vipimo hivyo. Gesi iliyosimama haijali kizuizi: hata kama bomba limeziba kwa robo tatu, presha itajaa taratibu na kuonyesha 30 kamili. Kizuizi hujulikana gesi ikitembea. Kwa hivyo yule anayepima boila ikiwa imezimwa, akaona 30 na kuamua kwamba gesi inafika vizuri na kwamba vali ndiyo mbovu, amepima kisichoulizwa. Boila ikiwaka na kipimo kikaanguka hadi 20 au 15, sogeza kifaa nyuma hatua kwa hatua: kabla ya vali, kabla ya kichujio, mwanzo wa bomba, mara tu baada ya regyuleta. Mahali ambapo kipimo kizuri kinageuka kibaya ndipo penye kizuizi. Ikiwa mara tu baada ya regyuleta tayari kuna 15, acha bomba na vali, tatizo liko regyuleta au mtungini. Ikiwa kuna 30 mlangoni mwa vali na pungufu kubwa kwa upande wa pili hali vali imefunguka yote, hapo ndipo vali inapostahili kushukiwa, tena baada ya kukiangalia kichujio chake.

Kumbuka pia boila ilitengenezewa nchi gani. Boila ya soko la Uingereza imepangwa kwa gesi asilia ya bombani, inayofika nyumbani ikiwa na milibari 20 au 21, na jeti zake zina matundu makubwa kuliko yanayofaa gesi ya mitungi. Ikifungwa Diani bila kubadilishwa jeti na kurekebishwa vali, itawaka vibaya tangu siku ya kwanza, na hakuna usafishaji utakaoitibu.

Sasa tuje kwenye takataka zenyewe, maana asili yake ndiyo inayoamua dawa.

Chanzo kikubwa kuliko vyote, na kisichosemwa, ni mabaki mazito ya gesi. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hivyo zote mbili hugeuka mvuke kwa urahisi katika joto letu. Lakini ndani yake mna kiasi kidogo cha mafuta mazito yasiyogeuka mvuke, yaliyookotwa kwenye pampu, kwenye matangi na njiani. Mtungi ukijazwa tena na tena, mafuta hayo hubaki chini yakizidi kuongezeka. Kwa hivyo gesi ya mwisho wa mtungi ndiyo chafu zaidi. Na ni hapo hasa ambapo watu huuinamisha mtungi, au kuulaza ubavu, au kuusimamisha ndani ya karai la maji moto, ili kukamua tone la mwisho. Kila anayefanya hivyo anayamimina mafuta yale moja kwa moja kwenye regyuleta yake. Isitoshe, gesi iliyo kimiminika ikipita regyuleta, kila lita yake hupanuka kuwa karibu lita 250 za mvuke, na burna iliyopangiwa kunong'ona hutoa mwali wa kuunguza dari. Wala sisemi hivi kuwalaumu wanaofanya. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ilirudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, na kuondolewa mwaka 2023. Katika miaka ile mtu aliyeulaza mtungi alikuwa anaokoa chakula cha jioni cha watoto wake.

Bei ya gesi ndiyo pia inayolisha wajazaji wa vichochoroni. Mjazaji aliyesajiliwa hutakiwa kuukagua mtungi kabla ya kuujaza. Wa kichochoroni huhamisha gesi kutoka mtungi mmoja hadi mwingine kwa mpira, pamoja na mabaki yote, bila kujali. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, huzungumzia biashara hiyo kwa upande wa milipuko, na ina haki. Moto wa Embakasi mwanzoni mwa Februari 2024 ulionyesha gesi iliyoko mahali pasipofaa inaweza kufanya nini. Ila madhara yake ya kimyakimya, yale ya uchafu unaosambazwa kutoka mtungi hadi mtungi, hayasemwi kabisa.

Chanzo cha pili ni mipira inayounganisha mtungi na bomba. Gesi ikiwa na presha kubwa hunyonya taratibu yale mafuta ya kulainisha mpira, na presha inaposhuka ndani ya regyuleta mafuta hayo huachwa hapo. Mpira ukishakuwa mkavu na kupasukapasuka kwa nje, jua kwamba kilichokosekana ndani yake kiko mahali fulani mbele. Dawa ni rahisi hadi inashangaza kwa nini haifuatwi: regyuleta ifungwe ukutani juu kuliko vali za mitungi, na mpira upande moja kwa moja bila kufanya tumbo, ili mafuta yakikusanyika yateremke na kurudi mtungini. Nyuma ya majiko mengi utakuta kinyume chake, regyuleta imelala chini sakafuni na mpira umejikunja mara mbili.

Kutu ya bomba ni chanzo cha tatu, na hapa hewa ya Ramisi na Diani haina huruma. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huliwa na chumvi kwa nje, na kwa ndani zinki humenyuka na kuanguka kama magamba. Bomba la shaba halina kutu, lakini salfa kidogo iliyomo kwenye gesi inaweza kutengeneza unga mweusi ndani yake, mwepesi kiasi cha kupeperushwa hadi kwenye jeti. Tepu ya nyuzi ni aibu ya fundi peke yake: inatakiwa ianze baada ya nyuzi ya kwanza au ya pili kutoka mdomo wa bomba, ili kipande chake kisininginie ndani. Wengi huanza mdomoni kabisa, na kipande hicho ndicho tunachokikuta kwenye wavu.

Takataka inayoziba, pamoja na usumbufu wake wote, si ndiyo ya hatari zaidi. Ya hatari ni ile isiyoziba, ile punje inayokaa kwenye kiti cha vali na kuizuia isifunge. Boila inayonyimwa gesi huzima, na watu wanaoga maji baridi. Boila ambayo vali yake haifungi huendelea kupokea gesi ikiwa imezimwa. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na butani karibu mara mbili, kwa hivyo gesi hiyo haipandi kutoka dirishani, hutambaa sakafuni hadi kwenye mifereji na vyumba vya chini, na hewa ikiwa na gesi asilimia 2 tu inatosha kuwaka. Ndiyo sababu boila za kisasa zina vali mbili zikifuatana: moja ikishindwa, ya pili inafunga. Nyingi za zamani hazina. Kifaa chetu cha mpira wa U kinaonyesha hatari hii pia. Zima burna zote uangalie maji. Baada ya regyuleta, yanatakiwa yapande kidogo, yasimame, yabaki pale. Yakiendelea kupanda taratibu, regyuleta haifungi, kuna uchafu kwenye kiti chake au mpira umekatika. Hiyo haisafishwi. Hubadilishwa siku hiyohiyo. Kuigonga vali kwa bisibisi ni tendo baya zaidi kwa sababu hii hii: mshtuko unaoiachilia vali iliyoganda unaweza pia kuipeleka punje kwenye kiti.

Usafishaji wenyewe una mpangilio. Mitungi hufungwa na kuondolewa, moto na umeme wote huzimwa, madirisha hufunguliwa. Vali ya boila hutolewa kabisa kwenye bomba, na mdomo wa vali hiyo huzibwa. Bomba hupulizwa kutoka upande wa boila kurudi upande wa mitungi, kwa naitrojeni au hewa safi na kavu, hadi kitambaa cheupe kilichowekwa mdomoni kisionyeshe unga. Oksijeni ya mtungi wa kuchomelea isitumiwe kamwe, kwa sababu ikikutana na yale mafuta mazito, mafuta hayo yanaweza kuwaka yenyewe. Kompresa isipulizwe ndani ya vali, kwani kiwambo kilichotengenezewa milibari hupasuka kwa bari. Jeti ilowekwe na kupulizwa, isichokolewe kwa waya wa chuma. Tundu likiongezeka unene wa unywele, moto haurudi tena kuwa ule uliopangwa. Ndani ya vali, fundi anaruhusiwa kufika kwenye kichujio. Zaidi ya hapo, penye skrubu zilizopigwa rangi na kiwanda, asifungue. Kisha viungo vyote hupimwa kwa povu la sabuni, na presha hupimwa tena ikiwa imesimama na ikiwa inatembea, na vipimo vyote viwili huandikwa.

Na kabla vali haijarudishwa, kuna kipande cha bomba cha bei ndogo ambacho kingezuia nusu ya kazi hii: T moja kabla ya vali, mkono wake ukielekea chini na kufungwa kwa kifuniko. Gesi hukata kona kwenda kwenye boila, uchafu mzito huanguka moja kwa moja ndani ya mguu ule na kukaa hapo mpaka umwagwe.

Ufuo wa kusini una ratiba yake inayozidisha haya yote. Kati ya Aprili na Juni mvua za masika hunyesha, wageni hupungua, na hoteli kadhaa za Diani hufunga kabisa au kufunga sehemu. Mwaka 2020 korona ilizifunga kwa muda mrefu zaidi. Mabomba yaliyolala hushika unyevu, nyigu wanapata miezi ya kujenga bila kusumbuliwa, mafuta ndani ya regyuleta yanakauka kuwa gundi. Siku ya kufungua, vali zote zinafunguliwa kwa mpigo, gesi inakwenda kasi, na kila kilichokuwa kimelala kinasombwa hadi kwenye kichujio. Wakati wa kusafisha ni wiki moja kabla ya wageni kuja, hali jiko bado ni tupu. Wakati unaochaguliwa, kwa kawaida, ni saa mbili usiku wageni wakiwa mezani.

Kwa boila za mvuke, kulala ni hatari kuliko kazi. Boila iliyoachwa na maji nusu na hewa juu yake huliwa na oksijeni hadi mirija inatoboka vishimo. Ikiwa haitatumika kwa muda, ama ikaushwe kabisa na kuwekewa kitu cha kunyonya unyevu, ama ijazwe maji yaliyotiwa dawa hadi juu bila kuacha hewa. Mtambo uliosimama bila mojawapo ya hayo hauwezi kuamshwa kwa kuwashiwa moto tu.

Na upande wa maji una vali zake, zinazoziba kwa sababu nyingine. Visima vingi vya ukanda wa Tiwi, Diani na Msambweni vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na mchanga ulio karibu na bahari, na maji yake yamebeba chokaa, wakati mwingine na chumvi. Mto Ramisi wenyewe una maji ya chumvichumvi, tofauti na jirani yake Mkurumudzi. Maji hayo yakipashwa moto, chokaa huganda kwenye mirija na kuwa magamba yanayopitisha joto kidogo sana kuliko chuma. Moto unaongezwa, chuma kinapata joto kupita kiasi, magamba yanavunjika na kwenda kukwama kwenye vali na kwenye mrija wa kioo cha kuonyeshea kimo cha maji. Hapo si boila kupoa tena, ni boila inayodanganya kuhusu maji iliyo nayo, na boila inayokauka bila mtu kujua inaweza kulipuka. Siri ni kuyalainisha maji kabla hayajaingia, na kumwaga tope kwa vali ya chini kila zamu.

Viwanda vya sukari vinajua jambo hili kwa uchungu zaidi, kwa sababu mvuke uliopikia sukari hupoa na kurudishwa boilani. Mrija mmoja ukivuja, sukari inaingia kwenye maji ya boila, inavunjika kuwa asidi, maji yanafanya povu, na asidi inaanza kula chuma. Maabara hukinga hili kwa kipimo cha zamani kilicho kizuri kutazama: matone ya alfa-naftoli kwenye sampuli ya maji, kisha asidi kali ya salfuriki ikamwagwa polepole pembeni mwa mrija wa kioo. Ikitokea pete ya zambarau mahali vimiminika vinapokutana, kuna sukari, na maji yale hayarudi boilani. Kipimo hicho hufanywa mara nyingi kwa siku. Ndiyo nidhamu ambayo majiko ya gesi hayajaipata: kupima kabla ya kuharibika, na kujua uchafu umeingilia wapi.

Sheria kwa kiasi fulani ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila za mvuke zikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, na kanuni za gesi za mwaka 2019 zinawabana wanaojaza na kusafirisha. Uingereza, tangu Aprili 2009, hairuhusu mtu kugusa boila ya gesi kwa malipo bila kuwa kwenye rejista ya Gas Safe. Sidhani tunahitaji kuiga rejista hiyo neno kwa neno. Tunachohitaji Kwale ni kidogo kuliko hicho na chepesi kupatikana: vijana wanaofundishwa ufundi bomba wafundishwe kupima gesi ikitembea, na kila boila iwe na daftari lake ukutani.

Suala hili litakuwa kubwa zaidi. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Likijengwa kwa kufuata pwani, litapita Kwale. Tanzania imekuwa ikitumia gesi ya Songo Songo tangu 2004. Gesi asilia haina yale mafuta mazito ya mitungini, lakini mabomba marefu ya chuma huzalisha unga wao mweusi, na siku boila za Diani zitakapohamishiwa huko, jeti zote zitabadilishwa na presha zote zitapangwa upya. Mwenye daftari la vipimo atajua boila yake ilikuwaje kabla. Anayejenga jiko jipya sasa hivi, Msambweni au Ukunda, aache sehemu ya kupimia pande zote mbili za vali na mguu wa takataka chini ya kila T.